Sabine Kamugisha na Ruhusa ya Kuandika Bila Kusoma

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, Bi. Sabine Kamugisha anastaafu baada ya kuitumikia Hackberry Systems kwa miaka ishirini na mitatu. Aliingia akiwa mjaribu wa zamu ya jioni. Anatoka akiwa mhandisi mkuu wa kiini cha mfumo wetu. Kwa wenzetu wa ghala la Grand Prairie, mnaozifunga seva kwenye masanduku bila kuona kinachoendelea ndani yake, huyu ndiye aliyeamua, kwa sehemu kubwa, nani anaweza kufungua nini ndani ya mashine hizo.

Mhariri wa jarida la kampuni aliniomba mimi niuandike wasifu huu kwa ajili ya ukurasa wa Kiswahili. Alitoa sababu mbili. Ya kwanza, tangu Juni mwaka jana nafanya kazi ghorofa moja na Mama Sabine, saa za baada ya shule. Ya pili, nimesomea lugha mbili: Kiswahili katika madarasa ya chini huko kambini Nyarugusu, na Kiingereza hapa Dallas. Sababu ya tatu hakuisema, nayo ni kwamba wengine wote walikataa. Nakiri kwamba mimi ni mtu wa haya. Maswali mengi yaliyozaa wasifu huu nilimtumia Mama Sabine kwa ujumbe wa simu, ilhali amekaa meza ya pili kutoka kwangu, naye akanijibu kwa sauti, ghorofa nzima ikisikia.

Alizaliwa Ngozi, Burundi, akafundisha hisabati katika shule ya sekondari Bujumbura mpaka vita vilipofunga shule. Akavukia Kigoma. Hapo ndipo alipokutana na Mzee Kamugisha, Mhaya wa Bukoba, fundi wa jenereta, ambaye mpaka leo anasema alimpenda kwa sababu ndiye mteja pekee aliyemwambia jenereta lina kasoro gani kabla yeye hajalifungua. Mwaka 1998 wakafika Dallas na mabegi yao na mtoto mmoja, wakapewa chumba mtaa wa Vickery Meadow. Asubuhi alikuwa anakunja mashuka kwenye chumba cha dobi cha hoteli. Jioni alikuwa anapanda basi kwenda chuo kikuu Richardson kusomea kompyuta, darasani na watoto ambao angeweza kuwa amewafundisha.

Hackberry ilimwajiri mwaka 2003, wakati ambapo kampuni nzima ilikuwa inaenea kwenye vyumba vinne huko huko Richardson. Kazi ya mjaribu ni kuvunja kilichotengenezwa na wengine, na inasemekana aliifanya kwa furaha iliyozidi kiasi. Baada ya miaka mitatu wahandisi wa kiini wakaona ni nafuu kumchukua aje akae upande wao. Kuanzia hapo kazi zake ni nyingi, na sehemu kubwa yake sina uwezo wa kuieleza. Alitengeneza upya namna seva inavyoamka baada ya umeme kukatika. Alisimamia kuondolewa kwa msimbo wa zamani wa programu ambao hakuna aliyekumbuka uliandikwa kwa nini. Amewafundisha wahandisi kumi na zaidi, na wawili kati yao leo ni wakubwa wake.

Kusifu hakumo katika tabia zake. Sifa ya juu kabisa aliyowahi kuitoa kwa kazi ya mtu ni neno moja: haijavunjika. Shiru, mjaribu wetu mkuu, mwenzetu kutoka Nakuru, alinionya wiki yangu ya kwanza: "Mama akikuambia haijavunjika, piga picha. Hiyo ni certificate."

Kuna pia habari ya ndagala, yaani dagaa. Wanaomjua Mama Sabine wanajua kwamba ndagala wa Tanganyika humfikia kutoka popote walipo, na kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa anawapasha moto kwenye mikrowevu ya ghorofa ya pili saa sita mchana. Mwaka 2019 ofisi ikabandika tangazo ukutani: samaki marufuku ndani ya mikrowevu hii. Watu wakasubiri kuona atakavyokasirika. Yeye akalisoma tangazo lile mara mbili, akalisifia. Akasema hiyo ni kanuni iliyoandikwa vizuri, kwa sababu imemkataza samaki bila kumkataza Sabine. Akashusha sahani yake ghorofa ya kwanza, ambako tangazo halikuwepo. Wiki iliyofuata lilikuwepo.

Sasa tuje kwenye kazi itakayobaki na jina lake.

Kila faili ndani ya seva linalindwa na kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi ambayo programu zote lazima ziipitie. Programu huja na kuondoka, lakini kila mara mtu anapotaka kufungua faili, anayeulizwa ni kiini. Kwa miaka mingi kiini chetu kilijua maswali matatu tu. Wewe ndiye mwenye faili? Kama si wewe, umo kwenye kikundi chake? Kama humo, basi wewe ni mtu baki. Na kwa kila jibu kilikuwa na ruhusa tatu za kutoa au kunyima: kusoma, kuandika, na kuendesha programu. Kwa kampuni ndogo inatosha. Kwa watu wengi wenye kazi zinazoingiliana, haitoshi hata kidogo.

Mama Sabine aliona kwamba neno "kuandika" limebeba mizigo ya watu wanne. Kuongeza mstari mwishoni ni jambo moja. Kubadilisha alichoandika mwenzako ni jambo jingine. Kufuta ni jingine. Kubadilisha ruhusa zenyewe ni jingine, tena kubwa kuliko yote. Katika kikao cha kwanza alieleza kwa mfano wa nyumbani: mgeni unaweza kumruhusu aingie jikoni, lakini kufunua sufuria ni ruhusa nyingine kabisa. Darius, meneja wetu wa bidhaa, kijana wa Fort Worth ambaye hajawahi kukemewa kwa kufunua sufuria ya watu, akauliza kama sasa tunataka kuuza seva kwa mikahawa.

Alichopendekeza ni orodha ya ruhusa yenye mistari mingi kadiri inavyohitajika. Kila mstari unamtaja mtu kwa jina, au kikundi, kisha unasema kipi amepewa na kipi amenyimwa, kipande kwa kipande. Folda ikizaa folda, watoto wanarithi masharti ya mzazi. Programu za zamani, zinazojua yale maswali matatu tu, zisiweze kuiharibu orodha kwa kutojua: zikibana ruhusa za faili, mistari inalala bila kufutika, zikizilegeza, inaamka jinsi ilivyokuwa. Shiru anasema hicho kipande cha mwisho ndicho kilichomtoa jasho zaidi, kwa sababu kila alipokipima, kulikuwa na programu nyingine ya kale imejificha mahali.

Sababu ya haya yote ilikuwa Houston. Huko tuna mteja, zahanati inayohudumia wakimbizi wengi, wengi wao Wakongo na Warundi. Mmoja wa wakalimani wake anaitwa Alain, mwenyeji wa Uvira. Baada ya kila mgonjwa, mkalimani anatakiwa kuandika maelezo mafupi kwenye faili la mgonjwa. Lakini kwa kiini cha zamani, aliyeweza kuandika kwenye faili lile aliweza pia kulisoma lote. Wangemwondolea kusoma, programu ya zahanati ingekwama, kwa sababu ilikuwa haiwezi kuandika kitu isichokisoma. Ikabaki hivyo.

Sasa fikirieni. Huku kwetu mkalimani si mtu wa mbali. Ndiye anayepiga kinanda kanisani. Ndiye shemeji wa jirani yako. Wagonjwa wakaanza kujua kwamba Alain anaweza kufungua kurasa zao zote, za miaka yote, hata zile ambazo hakuwepo. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kufungua. Haikusaidia. Mmoja baada ya mwingine wakaacha kuja. Alain mwenyewe alimpigia Mama Sabine mwaka 2022, baada ya kupata namba yake kwa watu wa parokia, akamwambia: "Mama, nikipita sokoni watu wananyamaza. Wananiona kama kabati linalotembea. Mnisaidie niache kujua."

Jambo hili nalijua kidogo. Kwa miaka miwili nilikuwa mkalimani wa mama yangu kwa madaktari, na kuna chakula nimekila mezani nikiwa najua kitu ambacho mama hakuwa amechagua kuniambia. Sitaandika zaidi ya hapo.

Ruhusa aliyoitaka Alain ilikuwa hii: kuongeza mstari wake mwishoni mwa faili, bila kusoma kilichotangulia na bila kuweza kukigusa. Ikisemwa ni sentensi moja. Kuiingiza kwenye kiini bila kuvunja vitu vingine ilimchukua Mama Sabine miaka miwili, na kufikia Oktoba 2024 ilikuwa tayari kuingia kwenye toleo jipya la kiini. Darius alikuwa ameshawaahidi watu wa Houston. Mama Sabine alikuwa ameshapanga kustaafu mwaka unaofuata, na Mzee Kamugisha ameshawaambia ndugu zake Bukoba wamtarajie na mkewe.

Hapo ndipo likatokea la msibani.

Kwa idhini ya kampuni, Mama Sabine alikuwa ameweka seva ya majaribio kwenye ofisi ya jumuiya yetu, Vickery Meadow. Jumuiya ina vikundi: kwaya, kina mama, vijana, kamati ya misiba. Kila kikundi kikapewa folda yake. Watu wakaipenda seva kiasi cha kuacha karatasi. Shida ikawa kwaya. Wanakwaya walikuwa wanahifadhi nyimbo zao popote mkono ulipofika, na siku moja wakafuta ratiba ya kamati ya misiba wakidhani ni maneno ya wimbo wa zamani. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Godefroid, akaja amekasirika, akaomba kwaya ifungiwe nje. Mama Sabine akaandika mstari mmoja: kwaya, wasiguse. Katika mpango wake wa wakati ule, katazo lilikuwa na nguvu kuliko ruhusa yoyote. Ulikuwa mpango ulionyooka, rahisi kuelezeka, na Darius aliupenda sana.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa jumuiya akafariki. Dada yake alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Portland, Maine. Mtu mzima, hajui Kiingereza. Namba ya ndege, namba yake ya simu na jina la atakayempokea vilikuwa ndani ya folda ya kamati. Alhamisi mchana kamati ikaenda kufungua folda. Ikakataa. Akajaribu katibu, ikakataa. Akajaribu mwenyekiti, ikakataa. Wanajumuiya wenzangu wanaosoma hapa wameshaelewa, lakini kwa wengine naeleza: kwetu hakuna mtu wa kikundi kimoja. Kamati yote ya misiba inaimba kwaya. Nani mwingine angeimba kwenye mazishi?

Mtu pekee ambaye angeweza kuifungua alikuwa Mama Sabine, ambaye kwaya ilikwisha kumkataa zamani kwa sababu ya sauti. Naye siku hiyo alikuwa Houston, kwenye zahanati, anamwonyesha daktari mkuu kazi yake, simu imezimwa.

Mazungumzo yaliyofuata nimeyapata kwa Bwana Godefroid na kwa Mama Sabine mwenyewe, na hawatofautiani ila kuhusu nani alipandisha sauti kwanza. Simu ilipowashwa ikaita papo hapo.

"Mama Sabine, umetufungia nje ya msiba wetu wenyewe! Mimi ni mwenyekiti wa kamati!"

"Wewe pia ni besi."

"Kwani besi hawaziki?"

Mama Sabine aliufuta ule mstari akiwa amesimama kwenye maegesho ya zahanati. Lakini yule dada alikuwa amekaa uwanja wa ndege tangu mchana, karibu na mkanda wa mizigo, begi lake miguuni, akiamini kwamba ndugu zake wamemsahau siku ya kifo cha mdogo wake. Alipopokelewa, jua lilikuwa linazama.

Kesho yake asubuhi Mama Sabine alikwenda nyumba ya msiba, akaketi mkekani na kina mama, akamwambia yule dada waziwazi kwamba aliyefunga ni yeye. Dada hakutaka kuelezwa habari za seva. Aliuliza tu kama ufunguo alikuwa nao. Mama Sabine akasema alikuwa nao. Dada akasema basi, kesho kwenye mazishi utakaa karibu nami, nisiwe peke yangu tena. Akakaa.

Jumatatu Mama Sabine alifika ofisini kabla ya wengine, na Darius alipoingia alimkuta amesimama mlangoni pake. Alimwomba aiondoe kazi yake yote kwenye toleo.

Darius si mtu mbaya, na ameniruhusu niyaandike haya. Alimwambia kwamba hilo ni kosa la mtu aliyeandika mstari, si la kiini. Alimwambia kwamba toleo linafungwa Ijumaa, Houston wanasubiri, na nafasi ya toleo lijalo imeshatengwa kwa kazi nyingine. Kisha akamwambia lile ambalo kila mtu alilijua: ukiiondoa leo, unastaafu mwakani, na hakuna mwingine atakayeibeba. Miaka miwili ya kazi itabaki kwenye kabati.

Mama Sabine akamjibu kwamba zahanati nayo ni jumuiya. Muuguzi wa pale ni mgonjwa wa pale pia. Mkalimani ana mtoto anayetibiwa pale. Siku mtu atakapoandika katazo la haraka kwa kikundi kimoja, atamfungia nje muuguzi ambaye mgonjwa wake anahitaji dawa saa hiyo, na yeye Sabine atakuwa kwenye simu na mtu mwingine, akisikia swali jingine asilo na jibu. Alisema mpango unaodhani kwamba mtu ni kitu kimoja umeandikwa na mtu asiye na ndugu. Na mimi ndiye niliyeuandika, akasema, nami nina ndugu tele. Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Kazi ikaondolewa. Toleo likatoka bila yake. Houston wakaambiwa wasubiri, na Alain, nimeambiwa, hakupiga simu kwa miezi mitatu. Mama Sabine akaomba kuongezewa mwaka mmoja. Mzee Kamugisha alipoulizwa na ndugu zake wa Bukoba kulikoni, aliwajibu kwamba mke wake ana ugomvi na kwaya.

Alipofika hapo hakuwa na uhakika wa kitu chochote. Hakuna aliyemwahidi nafasi. Kwa miezi mingi alikuwa anafanya kazi aliyopangiwa mchana, na kipande cha mwisho cha siku anakitumia kwa orodha yake. Mimi niliajiriwa katikati ya kipindi hicho, na kwa muda mrefu nilidhani ndivyo alivyo siku zote: mtu anayekula ameinamia kioo cha kompyuta na kuguna.

Jibu lililopatikana ni dogo. Katazo halishindi tena kwa sababu tu ni katazo. Kiini kinaisoma orodha kutoka juu kwenda chini, na kwa kila kipande cha ruhusa, neno la kwanza linalomhusu mtu huyo ndilo linalosimama. Aliyeandika orodha anaweza kumtaja Godefroid kwa jina kwanza, ampe haki zake za mwenyekiti, afuatishe kamati yake, ndipo chini yao aifunge kwaya. Mwenyekiti na kamati wanaingia, wanakwaya wengine wanabaki na nyimbo zao. Shiru akatengeneza watu wa kubuni mia mbili, akampachika kila mmoja kwenye vikundi vitano au sita, wakwe kwa mashemeji, akawaachia waigonge orodha mpaka ivunjike. Jaribio lile linaitwa Jumuiya. "Hawa watu wangu ni kama wa kwenu," aliniambia, "hakuna mahali hawana membership."

Kipande kingine ni cha Darius, na ni haki kukitaja. Yeye ndiye aliyesema kwamba mtu anapoandika orodha, kabla haijahifadhiwa, mfumo umwonyeshe majina ya wote watakaobaki nje. Si idadi yao. Majina. Mama Sabine akamwambia haijavunjika. Darius hakupiga picha, lakini aliniuliza mara mbili kama nimesikia. Wiki ile ile akaenda kwa wakubwa, akaipigania nafasi ambayo alikuwa amesema haipo.

Februari mwaka huu orodha ya ruhusa iliingia kwenye kiini. Hapakuwa na sherehe. Shiru aligonga meza mara moja, na Mama Sabine akaenda kuchemsha chai.

Aprili, Houston wakaiwasha. Siku ya kwanza Alain akapiga simu kwenye kitengo cha msaada, na kwa kuwa alizungumza Kiswahili nikapewa mimi. Simu siziwezi. Alisema: "Mdogo wangu, hii mashine imekufa. Nimeandika, nime-save vizuri, sasa nataka kuangalia nilichoandika, inanikatalia. Hata maneno yangu mwenyewe!" Nikamwambia, kwa sauti ndogo mno kiasi kwamba aliniomba nirudie, kwamba haijafa. Ndivyo inavyotakiwa. Akacheka kwa muda mrefu, akaniomba nimpe Mama Sabine. Sikusikia walichozungumza, kwa sababu nilipomkabidhi simu nilikwenda kusimama dirishani.

Wiki tatu baadaye alipiga tena, na ya siku hiyo ametupa ruhusa tuyaandike. Mama mmoja aliyekuwa ameacha kuja zahanati tangu mwaka juzi alikuwa amerudi. Jina lake Alain hakulitaja, nasi hatukuuliza. Mama huyo alisimama mlangoni mwa chumba cha daktari, mkoba kifuani, hakutaka kuingia. Alimwambia Alain mbele ya daktari: "Wanasema siku hizi huwezi kunisoma. Jaribu nione."

Alain akamgeuzia kioo cha kompyuta. Akabonyeza faili lake. Ikakataa. Mama akamwambia bonyeza tena, wewe mjanja. Akabonyeza tena. Ikakataa. Mama akaitazama ile skrini, akamtazama Alain, kisha akavuta kiti, akakaa, akaanza kusema kinachomuuma.

Mama Sabine, wafanyakazi wenzako wa Richardson na wa Grand Prairie wanakushukuru kwa kazi hii na kwa zote ambazo sikuweza kuzieleza. Wanajumuiya wa Vickery Meadow wameniagiza niseme nao wote wanashukuru, na Bwana Godefroid ameomba neno "wote" lipigiwe mstari. Mimi nashukuru kwa niaba ya kila mtoto aliyewahi kukaa kati ya mama yake na daktari. Ndege yenu ya kwenda Bukoba inaondoka tarehe tisa Juni. Upumzike vizuri, mwili uwe na nguvu, nyumba iwe na watu, na siku zilizobaki ziwe zako mwenyewe na za uwapendao. Heri na afya, wewe na Mzee.

Josiane, Ukurasa wa Kiswahili